Chai ya Maziwa na Hesabu ya Wahitaji wa Kulamawe

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, mkanipa na maikrofoni niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Mkadhani machozi yamenizidi. Machozi wapi! Ni kwamba mimi machache sina, na yale mengi niliyo nayo hayasemwi mbele ya keki. Basi nayaandika hapa, hasa kwa ajili yako wewe utakayekikalia kiti changu cha ushauri nasaha. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi; weka kipande cha katoni. Kina pia kazi moja ambayo hukuambiwa ulipopewa barua: kila mwaka utaulizwa shule ina wasichana wangapi kutoka familia maskini, na wewe ndiwe utakayetakiwa kuwajua.

Kuhusu vyeo sitaandika. Vyangu vilikuja kama mvua ya huku, kwa kuchelewa na kidogo kidogo. Mshahara wa mwalimu nao mnaujua, tusiharibu siku.

Nililetwa Isiolo kutoka kwetu Meru katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi, wakati kila ofisi ilikuwa inapakwa rangi mpya na kila mtu anauliza nani sasa ndiye mkubwa. Mama yangu alilia kana kwamba napelekwa vitani. Ukisimama shambani kwake asubuhi isiyo na ukungu unaiona nchi ya Isiolo pale chini, kavu, imenyooka mpaka macho yanachoka. Ni mwendo wa saa moja tu kuteremka. Lakini alilia, akanifungia gunia zima la ndizi na viazi, kama huku hakuna soko.

Asubuhi yangu ya kwanza nilisimama paredi na walimu wenzangu. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mtu mwema tu asiyependa kupoteza muda, akawaambia wasichana wote kwa sauti ya juu, "Fomu za basari zimefika. Wale wa familia maskini wasimame upande huu tuwaandike!"

Haki ya Mungu, nilidhani sikusikia vizuri. Nikatazama wenzangu. Hakuna aliyepepesa jicho. Kisha wakaanza kutoka mstarini, na hapo ndipo nilipobaki kinywa wazi. Wa kwanza kutoka alikuwa binti wa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale mjini, viatu vinang'aa unaweza kujitazama ndani. Wa pili, baba yake alikuwa na lori la kubeba mbuzi kwenda Nairobi. Wote walitembea kwa maringo kama wanaokwenda kupokea zawadi. Na palepale karibu yangu alibaki msichana mmoja amevaa kiatu cha kushoto cheusi na cha kulia cha kahawia. Huyo hakutoka. Alikuwa anatazama chini kama mtu anayetafuta sindano.

"Madam Kanana, umeshtuka?" sauti ikaniuliza kwa nyuma. Ilikuwa ya Mwalimu Esekon, naibu wa mwalimu mkuu, Mturkana mrefu wa hapa hapa mjini, mtaa wa Kiwanjani, mwenye sauti ya chini na meno ya kucheka.

"Nimeshtuka, mwalimu. Mbona yule mwenye viatu viwili tofauti hajasimama?"

"Kwa sababu ni maskini. Maskini wa kweli hasimami. Vizuri umeshtuka. Siku ukiacha kushtuka, omba uhamisho."

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Wewe hukumkuta, lakini kila kitu utakachosikia watu wakikiita "njia ya Madam Kanana" ni njia yake. Paredi ile aliimaliza yeye, kwa kumwendea mwalimu mkuu ofisini na kufunga mlango. Sijui alimwambia nini. Ninajua tu kwamba haikurudiwa.

Alinifundisha kwanza kwamba vifaa vya kazi hii si kalamu. Ni kilo ya sukari na pakiti ya majani chai. "Huingii nyumba ya mtu mikono mitupu ukaanza kumuuliza maswali," alisema. "Wewe ni mwalimu au ni polisi?" Kwa hiyo kila nilipokwenda kutembelea nyumba ya mwanafunzi nilikuwa na mfuko wangu. Cha pili, usimuulize mtoto kama kwao ni maskini, atakudanganya kwa heshima zote. Muulize jana alikula nini. Akishakujibu, muulize mdogo wake alikula nini. "Mkubwa anaweza kujikaza akakuongopea," Esekon alisema. "Lakini akifika kwa mdogo wake, sauti inamtoroka." Nilijaribu, na wallahi, kama wanavyoapa wanafunzi wangu, ilikuwa kweli kila mara.

Lakini sisi hatukuwa tunatunga hesabu. Hesabu ilitungwa na wengine, na kila mwaka walikuja na maana mpya ya umaskini. Mwaka mmoja mhitaji alikuwa yatima. Kama una baba, huna shida. Basi! Wanaume wa Isiolo wakaanza kufa. Tuliletewa barua za vifo mpaka nikajiuliza kama kuna ugonjwa mjini ambao sisi hatujauona. Msichana mmoja wa kidato cha pili alinililia ofisini kwangu marehemu baba yake, tukalia wote, nikampa na kitambaa changu. Siku ya wazazi kuja kutembelea, mwanamume mnene akaingia getini na kuku wa kuchoma mkononi, akaniamkia vizuri, akajitaja. Marehemu! Nilishika ukuta. Esekon alimpa mkono, akamkaribisha kiti, akamwambia, "Pole kwa safari, mzee. Umetoka mbali."

Mwaka mwingine mhitaji akawa ni yule asiye na paa la mabati. Pale Kiwanjani kulikuwa na mama muuza makaa, mjane, amepanga chumba kimoja na watoto wake, na chumba chenyewe kilikuwa cha mabati juu na pembeni, joto lake mchana ungeweza kuoka mkate. Huyo akaandikwa kuwa anajiweza. Wakati huohuo tajiri mmoja wa mifugo aliandikwa mhitaji, kwa kuwa mama yake mzee alikataa katakata kuhama kibanda cha ngozi na makuti, na mwanawe akatuonyesha hicho kibanda. Nilikwenda kwa Esekon nikiwa na hasira. Akasema, "Usiwakasirikie watu. Ukiwaambia mlango uko upande huu, watapita upande huu. Kasirikia fundi."

Esekon alistaafu. Siku hizi anafuga kuku Kiwanjani na kusoma gazeti la juzi. Nikabaki mimi na mfuko wangu wa sukari, na ndipo akaja mfadhili ambaye habari zake ndizo zilizonikalisha niandike.

Jina lake halihitajiki hapa. Alikuwa mfadhili wa kweli, mwenye kusomesha msichana mpaka amalize kidato cha nne bila wasiwasi, na wafanyakazi wake walikuwa na adabu. Aliyetumwa kwetu alikuwa kijana aitwaye Collins, mtu wa Nairobi, mpole, anayesema "samahani" hata kwa mbuzi aliyemzuia njia. Collins hakuamini paredi wala barua za vifo. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba na kishikwambi chake, na nyumba ilipata alama kulingana na anachokiona kwa macho yake. Ukuta wa nini. Paa la nini. Mifugo mingapi bomani. Familia hunywa chai ya maziwa au chai ya rangi. Nilipoliona swali hilo la chai nilicheka. Nikadhani angalau huyu aliyetunga maswali amewahi kukaa jikoni. Kumbe jiko alilokaa lilikuwa la mji ambao maziwa hununuliwa dukani.

Sasa nikwambie kuhusu Talaso. Alikuwa kidato cha tatu, binti wa Kulamawe, mwembamba, mwenye tabia ya kukokotoa hesabu kwa kucha juu ya kiganja chake akikosa karatasi. Hakuwa wa kwanza darasani, nisimpambe. Alikuwa wa nne au wa tano, lakini alikuwa anapanda. Dada yake mkubwa alikuwa amesoma kwetu pia. Huyo aliondoka kidato cha pili akaambiwa aende nyumbani "kwa muda", na huo muda haujaisha mpaka leo, ana watoto. Talaso alilijua hilo neno. Mwalimu mkuu mpya alipomwita na kumwambia kwamba asipopata mfadhili muhula ujao akae nyumbani kwa muda, alikuja moja kwa moja kwangu. Hakulia. Alisema, "Madam, wewe unajua maana ya kwa muda."

Nilijua. Nikaliweka jina lake mbele kabisa kwa Collins, tukapanga safari.

Barabara ya kwenda Kulamawe unaijua, sina haja ya kuisimulia. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Talaso tulimwacha shuleni, maana Collins alikuwa na kanuni kwamba mtoto asiwepo. Baba yake, Mzee Boru, alitupokea nje. Alikuwa mtu mkimya mwenye kofia safi. "Salaam aleikum, karibuni, karibuni." Ndani alikuwa mkewe, Mama Talaso, na mtoto mdogo wa kike, Kabale, mdogo wake Talaso, aliyekuwa ndio kwanza ameacha kunyonya, na mzee mmoja jirani ameketi kwenye kigoda. Tukaambiwa huyo ni Abba Jilo, yaani baba yake Jilo, mtu wa ukoo wao. Nikatoa sukari yangu na majani, Mama Talaso akapokea kwa mikono miwili, akachochea moto.

Nilimwona akichukua kibuyu cha maziwa. Alikiinamisha juu ya sufuria, akasubiri, akakitikisa, akakipiga kwa kiganja kwa chini mpaka tone la mwisho likatoka. Kabale alikuwa amesimama kando na kikombe chake kidogo cha plastiki, amekinyoosha. Mama yake akamwambia kitu kwa Kiborana, kwa upole, na mtoto akakishusha kikombe. Chai ilipokuja ilikuwa nzito, nyeupe karibu kama maziwa yenyewe, na ule moshi mtamu wa kibuyu ndani yake. Nilikunywa vikombe viwili. Sijawahi kunywa chai nzuri kama ile, na mimi ni mtu wa milimani, kwetu chai inalimwa.

"Mzee, ng'ombe ni wangapi?" Collins akauliza.

"Ni hao unaona," Mzee Boru akasema.

"Samahani, lakini kwa idadi?"

Mzee Boru akarekebisha kofia yake. Basi Collins akatoka mwenyewe, akasimama kwenye boma, akanyoosha kidole na kuanza kuhesabu kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu. Jamani! Huyo kijana hakujua, lakini kwa Waborana hakuna anayemnyooshea mnyama kidole akamhesabu hivyo, ni kumwitia balaa. Mzee Boru aligeuza uso. Abba Jilo alikohoa, akakohoa tena, akatazama fimbo yake.

Collins aliporudi alimuuliza Abba Jilo, kwa kuwa kanuni zilitaka pia jirani aulizwe, "Huyu mzee ni mtu wa mifugo?"

"Boru ni mtu wa ng'ombe," Abba Jilo akajibu. "Baba yake pia alikuwa mtu wa ng'ombe."

Kwenye gari Collins alikuwa na furaha ya mtu aliyekula vizuri. "Familia nzuri sana, mwalimu. Lakini unaona mwenyewe. Ng'ombe wa maziwa na ndama. Na chai ile! Hata mama yangu hanipikii hivyo."

Majibu yalikuja kwa simu ya mwalimu mkuu. Talaso hakuhesabika. Familia inajiweza.

Nilimwita ofisini nimwambie, na nikiri hapa kwamba nilikuwa nimemkasirikia kidogo, kwa kuona amenificha. Nikasema, "Talaso, mbona hukuniambia kwenu kuna ng'ombe?"

Akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. "Madam, mliwahesabu?"

"Si wapo!"

"Wapo, lakini si zetu." Akaenda kufunga mlango, akarudi, akashusha sauti. "Zetu zilikufa zote ule ukame. Zote, Madam, hata zile tulikuwa tunauza nilipiwe karo. Hizo ni dabare. Abba Jilo alimpa baba, azichunge, tunywe maziwa. Ndama wakizaliwa ni wa Abba Jilo."

Nilikaa. Kiti kikayumba na mguu wake mfupi. "Abba Jilo? Yule mzee wa kigoda? Yule aliyekuwa amekaa palepale?"

"Ndiyo."

"Akaona ng'ombe wake wakihesabiwa kuwa wa baba yako, akanyamaza?"

"Sasa aseme nini, Madam?" Alinishangaa mimi kuliko nilivyomshangaa yeye. "Mwenye ng'ombe akisema mbele ya mgeni, hizi ni zangu, ni kama anazidai. Ni kama amemvua baba nguo. Na baba akisema, ni kama anaomba. Kulamawe wote wanajua. Hakuna mtu anasema. Usimwambie mtu, tafadhali."

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ya Mzee Boru ilisitiri. Ilimsitiri vizuri mno, mpaka ikamfukuza binti yake shule.

Niliomba ruhusa yake nimwambie mtu mmoja tu, akakubali kwa shida. Nikampigia Collins. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuamini. Kabisa. Lakini mfumo hauna mahali pa ng'ombe wa kuazimwa. Nikiwaandika hao si wake, kesho kila mtu atasema wake ni wa kuazimwa. Na si ulinisimulia mwenyewe habari za yule marehemu mwenye kuku?"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Basi mtoto arudi nyumbani?"

"Kuna kipengele cha kukata rufaa. Hali ya familia ikibadilika, tunarudi kuhakiki. Nitaiandikia shule rasmi, na nyinyi mtawaarifu wazazi, kama kawaida."

Barua ilikuja, mwalimu mkuu akawatumia ujumbe wazazi wote waliokataliwa, akina Boru na wengine. Maneno yalikuwa mafupi: hali ya mifugo na makazi ikibadilika, semeni, tutarudi. Mimi niliuona ujumbe huo kuwa ni wa kipumbavu tu. Hali itabadilika vipi? Ng'ombe watakufa kwa ajili ya barua? Sikujua kwamba kuna mtu Kulamawe aliyesomewa ujumbe ule akauelewa kuliko sisi sote.

Haikupita muda shule ikapigiwa simu. Mzee Boru anasema hali imebadilika.

Tulirudi na Collins, na njia nzima mimi nilikuwa naomba Mungu isiwe ni ugonjwa. Tulifika mchana kweupe. Boma lilikuwa wazi, mlango wa miiba umevutwa kando, na ndani hakuna kitu. Samadi tu, imeanza kukauka. Collins alisimama palepale aliposimama mara ya kwanza, mkono wake ukainuka kidogo wenyewe, ukashuka. Hakukuwa na cha kunyooshea kidole.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wameenda," akasema Mzee Boru. Kofia yake ilikuwa safi vilevile.

Abba Jilo alikuwepo. Sikungoja kanuni. Nilimvuta kando nyuma ya nyumba, mimi mwanamke mgeni na yeye mzee wa watu, nikamuuliza kwa sauti ya hasira ambayo mpaka leo sijui aliisamehe vipi. "Abba Jilo, umewanyang'anya hawa watu ng'ombe?"

"Mimi?" akasema. "Mwalimu, mimi sijanyang'anya. Nimewapa mara mbili. Mwanzo walikosa maziwa, nikawapa maziwa. Sasa nyinyi mnataka umaskini, na Boru hana, nimempa na huo."

"Uliwachukua vipi?"

"Mchana, watu wakiona. Nilikuja na vijana wangu, tukawatoa, tukawapeleka kule mbele ya Garbatulla kwa wengine wangu. Boru mwenyewe alinisaidia kufungua mlango. Hatukuongea."

Halafu wazo likaniingia nikaona nimepata njia, nikamnong'oneza, "Basi tukishaondoka uwarudishe. Leo. Kesho."

Akatikisa kichwa. "Huyo kijana alisema wanakuja kuangalia tena bila kusema siku. Kila muhula mpaka msichana amalize. Kweli si kweli?"

Ilikuwa kweli. Kanuni ilisema hivyo.

"Basi wacha amalize," akasema Abba Jilo.

Tuliporudi ndani, Mama Talaso alikuwa ameshapokea sukari yangu na majani yangu, chai iko tayari. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, lakini hakuniangalia. Ilikuwa nyeusi. Strungi. Ni kitu cha kawaida kabisa, hata mimi nyumbani hunywa nikiamka. Lakini yule mama alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba amenitukana. "Mwalimu, nisamehe," akasema. "Nisamehe sana hii chai. Hujawahi kuja kwangu ukapewa hivi."

Kabale alikuja na kikombe chake cha plastiki. Akamiminiwa kidogo, akapuliziwa, akaonja. Akamtazama mama yake, akamrudishia kikombe mkononi. Hakulia. Alisubiri tu, akiamini kwamba mama amesahau kitu na sasa hivi atakikumbuka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lo! Tulikwenda sisi wageni, mara mbili, na tazama tulivyomwacha mwenyeji.

Collins alikunywa chai yake yote. Aliona, nataka mjue kwamba aliona. Macho yake yalikuwa mekundu na kidole kilikuwa kinasitasita juu ya kioo cha kishikwambi. "Mwalimu," akaniambia chini chini, "mimi sikutunga haya maswali." Kisha akajaza. Mifugo, hakuna. Chai, ya rangi. Alama zikatosha, tena zikazidi. Nyumba ambayo tuliikuta inaishi tuliiacha maskini, na sasa ikahesabika.

Niliporudi shule nilikuta Talaso ameshasikia kutoka kwa mwalimu mkuu. Wenzake walikuwa wanamrusha juu nje ya bweni, wanapiga vigelegele, na yeye anacheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Aliponiona alinikimbilia akanikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Madam! Nimehesabiwa!" Nikamwambia hongera. Nilitaka niishie hapo, niende zangu nikalale.

Lakini huyu alikuwa mtoto wa kukokotoa. Nikaona furaha inamtoka usoni polepole, na ukucha wake umeanza kutembea kwenye kiganja.

"Madam, walirudi Kulamawe?"

"Tulirudi."

"Mkapewa chai?"

"Tukapewa."

"Ya maziwa?"

Nilitazama pembeni. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi, nimeongopewa na walio hai kuwa wamekufa, nimeona kila aina ya ujanja, na sikuwa na uongo hata mmoja wa kumpa mtoto yule. Alielewa. Alirudi nyuma hatua, akakunja mikono kifuani kama anayehisi baridi, na katika mji huu baridi haipo.

Alisoma. Alimaliza. Na Collins alikwenda Kulamawe kila muhula bila kusema siku, kama kanuni ilivyotaka, na kila muhula boma lilikuwa tupu. Mimi nilipeleka sukari na majani kila nilipopata nafasi, na maziwa ya pakiti, ambayo Kabale aliyakataa kwa sababu hayakuwa na harufu ya kibuyu. Nilimweleza Esekon habari yote pale kwa kuku wake. Alisikiliza, hakucheka, akaniuliza kama bado nashtuka. Nikamwambia ndiyo. Sasa nimestaafu, na bado.

Lakini siku ile, pale nje ya bweni, wenzake wakiwa bado wanaimba nyuma yake, Talaso aliniuliza swali moja tu, lile ambalo Esekon alinifundisha kuwauliza wao, na ambalo hakuna fomu iliyowahi kuniuliza mimi.

"Madam," akasema, "na Kabale anakunywa nini?"